Nyumba ya Kale Mbele ya Ramani Mpya

Mwaka jana kamati ya ujenzi ya mtaa wetu iliniletea karatasi, ikaniomba niitazame na kuandika neno chini yake. Ilikuwa ramani ya nyumba ya mwalimu. Nyumba nne za namna hiyo zakusudiwa kujengwa, na fedha zake zimechangwa kwa taabu nyingi, nyingine kwa kuuza nazi na mihogo. Wenzangu walidhani, kama ilivyo desturi, nitaandika "Vema" na kutia sahihi. Nikakaa na karatasi ile majuma matatu, na kila nilipoitazama niliona mambo mawili: kwamba aliyeichora ajua kupiga mstari ulionyoka, na kwamba hajapata kulala ndani ya kitu alichokichora. Haya niandikayo ni uhakiki wa ramani ile. Nayaleta hapa kwa kuwa najua walimu na makasisi wengi wasomao kurasa hizi wamekwisha kuletewa ramani kama hiyo, au wataletewa.

Nyumba yenyewe ni hii. Kuta ni za matofali ya saruji ya inchi 6. Paa ni la bati, la mteremko mdogo, nalo lakoma karibu na ukuta bila upenu wowote wa kusema nao. Dari hamna. Madirisha ni madogo, ya vioo, mawili tu katika kila ubavu mrefu, na ubavu mrefu mmoja waelekea magharibi, kwa kuwa barabara iko upande huo na nyumba yataka kuonekana. Jiko limo ndani, mlango wake wafungukia chumba cha kulala watoto. Baraza hakuna, mahali pa baraza pamechorwa vidato viwili vya saruji na mlango. Ua haukuchorwa kabisa. Juu ya karatasi imeandikwa kwa herufi kubwa, NYUMBA YA KISASA.

Kabla sijaisema nyumba ya mtu mwingine, yanipasa kuikiri yangu. Miaka kumi na minne iliyopita nilimjengea mama yangu nyumba karibu sawa na hiyo. Nilikopa, nikauza ng'ombe, nikabomoa nyumba yake ya udongo na makuti aliyokaa nayo tangu kuolewa, nikamweka katika nyumba ya saruji na bati, na watu wakanisifu. Mwezi wa pili, majira ya kaskazi, nilifika kwa ghafula mchana nikamkuta amelala katika kibanda cha kupikia uani, juu ya mkeka, kandokando ya mafiga. Nikamwuliza, "Mama, nyumba ina nini?" Akanijibu, "Nyumba ni nzuri, mwanangu. Huwaka tu." Hakusema zaidi, wala hakurudi kulala ndani mchana hata leo. Nami niliona haya, si kwa sababu ya jirani walioliona jambo lile, bali kwa kuwa nilikuwa nimemfundisha mtoto darasani miaka mingi jinsi joto lipitavyo katika chuma, wala sikukumbuka neno hilo nilipokuwa nikilipa bati.

Basi tuitazame nyumba aliyokuwa nayo, nami nitaitaja kwa maneno yake, kwa sababu maneno haya yaanza kutupotea, na mtu asiye na jina la kitu hawezi kumwagiza fundi akifanye.

Nyumba ya pwani ya udongo, ile ambayo mijini huitwa nyumba ya Kiswahili, nayo ilienea pamoja na biashara hata Tabora na Ujiji, husimama juu ya nguzo. Kati ya nguzo hufungwa fito za kulala, ndani na nje. Katikati yake hujazwa udongo na mawe madogo. Kisha ukuta hutomewa, hukandikwa, na mwenye uwezo huupiga chokaa. Ukuta huo ndio kiambaza. Juu ya nguzo hulazwa mwamba, na juu yake huegemea makombamoyo, na kuvuka makombamoyo hufungwa pau, na juu ya pau huezekwa makuti ya viungo, safu juu ya safu, toka chini kwenda juu. Upo pia mti upitao kuta kwa kukingama, nao huitwa mtambaapanya, na ye yote aliyelala katika nyumba ya makuti ajua kwamba aliyeupa mti ule jina hakutia chumvi. Paa lina sehemu nne: la mbele na la nyuma, kubwa, na visusi viwili vya pembeni. Upenu hushuka chini sana, hata mtu mrefu huinama kuingia barazani.

Ndani yake, mpango ni mmoja popote uendapo. Mbele kuna baraza. Mlango wa mbele wafungukia ukumbi, nao ukumbi wapita katikati ya nyumba moja kwa moja mpaka mlango wa nyuma. Kushoto na kulia kuna vyumba, viwili viwili au vitatu vitatu. Nyuma kuna ua uliozungushwa makuti ya kumba au ukuta, na uani kuna banda la kupikia, na choo, na stoo, na mahali pa kuanika.

Sasa msomaji atazame vizuri mambo manne katika nyumba hiyo. La kwanza ni paa. Makuti yana hewa ndani yake, kila kuti juu ya jingine, na jua likipiga juu, chini hapapati habari upesi. Bati ni chuma chembamba kisicho na kitu chini yake. Hupokea jua na kuligeuza likawa joto la kumwagia watu waliokaa chini. Hapa pwani yetu, karibu digrii 5 kusini ya mstari wa ikweta, jua hupita juu ya utosi mara mbili kwa mwaka na halikai mbali nao wakati wo wote. Kwa hiyo sehemu ya nyumba ipigwayo zaidi ni paa, si ukuta. Mtu atiaye fedha yake yote katika ukuta na kuokoa senti katika paa ametibu mguu wa mtu mwenye maumivu ya kichwa. Hayo ndiyo niliyomfanyia mama.

La pili ni ukumbi. Walioukuta katika nyumba za mjini hudhani ni njia tu ya kwendea uani, na mchoraji wetu ameuondoa ili apate chumba kimoja zaidi. Lakini milango miwili ya ukumbi yaelekeana, na kati ya kivuli cha baraza na jua la ua upepo hupita mchana kutwa. Pwani yetu ina kaskazi itokayo kaskazini-mashariki tangu Desemba hata Machi, na kusi ivumayo toka kusini tangu Aprili hata Septemba. Nyumba iliyofungwa pande zote mbili haipati hata mmoja. Siku za joto wanawake hutandika mkeka ukumbini na kuchambua mchele pale, wala hapana aliyewafundisha kwamba ndipo penye baridi.

La tatu ni upenu. Kiambaza cha udongo kikinyeshewa huanguka. Kwa hiyo wazee waliteremsha paa lifunike ukuta. Ndivyo walivyokusudia. Lakini walipata na lingine wasiloliombea, maana ukuta ulio kivulini hauwaki moto. Saruji hainyeshwi ikaanguka, na mafundi wakasema, "Basi upenu wa nini?" wakaukata. Mvua haikudhuru, jua likaingia. Mara nyingi ndivyo kitu cha kale kipoteavyo: chaondolewa kwa sababu moja iliyokwisha, nayo ile sababu ya pili haikupata kuandikwa mahali.

La nne ni baraza, nalo si la hewa tu. Mgeni asiyestahili kuingia ndani hukaribishwa barazani; mwenye deni hudaiwa barazani; mtoto husoma kitabu chake barazani kabla ya taa; maiti hungojwa barazani. Na lugha yenyewe imeshuhudia, kwa maana kiti hiki cha udongo kilicho mbele ya nyumba kimelipa jina lake baraza la wazee, na Baraza la Mawaziri, na baraza la kanisa. Mwalimu asiye na baraza atazungumza na wazazi wa wanafunzi wapi? Akiwaingiza ndani, mkewe hana pa kukaa; akisimama nao njiani, watasema amewadharau. Mimi naona kosa hili la ramani ni kubwa kuliko yote, ingawa ndilo la gharama ndogo kuliko yote kulirekebisha.

Yapo tena maneno yanayotufundisha. Nyumba, mlango, nguzo: haya ni maneno ya Kibantu, tunashiriki na majirani wengi wa bara. Lakini dirisha latoka kwa Waajemi, na dari na sakafu yatoka kwa Waarabu. Kwa hiyo twaona nyumba ya udongo haikuwa na haja kubwa ya dirisha, wala nyumba ya pwani haikukaa bila kukopa. Neno sakafu nalo lina kisa chake: kwa Kiarabu maana yake ni paa, nasi twaita sakafu kile tunachokikanyaga. Nadhani lilibadilika katika nyumba za mawe, ambamo paa la mtu wa chini lililopigwa chokaa juu ya boriti ndiyo sakafu ya mtu wa juu. Nayataja haya kwa ajili ya wale wasemao kwamba tukirudia nyumba ya kale tutarudia kitu cha wenyewe kisichochanganyika. Hakikuwako kitu hicho. Wazee walikopa kila walipoona faida, na pale wasipoiona waliacha.

Na kwa kuwa nimetaja nyumba za mawe, niseme kidogo juu ya Lamu, mji ulioingizwa katika orodha ya urithi wa dunia na UNESCO mwaka 2001. Usam Ghaidan aliutungia kitabu mwaka 1975, na wengine kabla yake na baada yake. Nyumba zake kubwa zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, kuta nene kama nusu mita, na vyumba virefu vyembamba. Mgeni hushangaa kwa nini tajiri akubali chumba cha upana wa mita mbili na nusu au tatu, naye aweza kununua kikubwa. Jibu ni boriti. Mti wa mkoko hauzidi urefu wake wa kuchukua mzigo, na mwenye nyumba alijenga kwa kadiri ya mti. Hakuagiza mti kwa kadiri ya chumba. Hapo naona somo zito kuliko yote ninayoyaandika, yaani kwamba fundi wa Lamu alianza kwa kuuliza kilichopo. Mchoraji wa karatasi yetu alianza kwa kuuliza kilichoonekana mahali pengine, na sasa yatupasa kukitafuta kwa lori.

Hata hivyo wasomaji wasifikiri kwamba chokaa na boriti havikuwa na gharama. Matumbawe yalichomwa katika tanuu kwa magogo mengi, na mikoko ilikatwa kwa wingi hata Kenya ikakataza kuipeleka nje ya nchi mwaka 1982. Wala jiwe halijitunzi lenyewe: Beit-al-Ajaib ya Unguja, iliyojengwa mwaka 1883, sehemu yake iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020 ikiwa katika matengenezo, na watu wawili wakafa. Hapo hapo Unguja liko kanisa kuu lililoanza kujengwa mwaka 1873 chini ya Askofu Edward Steere, na paa lake ni kuba refu lililomwagwa kwa saruji iliyochanganywa na vipande vya matumbawe. Askofu yule aliyekusanya hadithi za Kiswahili na kuandika sarufi yake hakuona aibu kuchanganya kitu cha meli na kitu cha pwani. Watu walidhani kuba lile litaanguka. Bado lipo.

Jambo moja la ufundi mafundi wetu hulikosea sana, nalo ni kupiga lipu ya saruji juu ya ukuta wa kale wa chokaa au wa udongo. Ukuta ule hunywa maji toka chini na kuyatoa nje polepole kama jasho. Saruji huuziba. Maji yakikosa njia hukaa ndani, chumvi hujikusanya, na baada ya miaka michache lipu hubanduka ikichukua na ngozi ya ukuta. Nimeona nyumba ya kasisi mmoja ikiharibiwa hivyo na watu waliokusudia mema. Mwenye ukuta wa chokaa na autengeneze kwa chokaa.

Sasa nigeuke upande wa pili, maana wako watu, na hasa wageni na vijana waliosoma sana, wasifuo nyumba ya udongo kama kwamba ni bustani ya Edeni. Hao nao nawahakiki. Nililala ndani yake miaka kumi na sita.

Nyumba ya udongo ina papasi. Katika Ugogo, watu walijenga tembe, nyumba ya paa bapa la udongo juu ya miti, fupi, imezunguka uwanja wa ng'ombe kwa pande zake. Na kwa nchi ile yenye mvua haba na usiku wa baridi ni nyumba ya akili kubwa, kwa kuwa udongo mwingi wa paa na kuta huchelewa kupata joto mchana na huchelewa kupoa usiku. Lakini nyufa za sakafu na kuta zake ndimo akaapo papasi, naye huleta homa ya kurudiarudia. Mwaka 1905 matabibu wawili, Dutton na Todd, walionyesha katika Kongo ya Mashariki kwamba ndiye mleta homa hiyo, na Dutton mwenyewe akafa kwayo mwaka ule ule huko Kasongo. Mtu asimwambie mama wa Ugogo arudie sakafu ya udongo mtupu ili tupendezwe na mila yake. Tena tembe likihamishwa pwani lingeyeyuka masika ya kwanza. Kila nyumba ni jibu la mvua fulani.

Nyumba ya udongo ina mbu pia. Ile nafasi kati ya kichwa cha ukuta na paa, ipitishayo upepo na moshi, ndiyo lango lao. Ulipofanywa uchunguzi huko Gambia, ukachapishwa mwaka 2009, watoto wa nyumba zilizoachwa kama zilivyo walionekana kuwa na upungufu wa damu 19 katika kila 100. Katika nyumba zilizotiwa wavu milangoni na madirishani na kuzibwa nafasi ile ya juu, walikuwa 12. Watoto saba katika mia ni hesabu ambayo sifa za makuti haziwezi kuijibu. Na makuti yenyewe huungua, na huliwa na wadudu, na huezekwa upya baada ya miaka michache, na siku hizi minazi imezeeka na kuti si la bure tena. Moshi wa banda la uani ulimwumiza mama macho. Maji ya mvua yatokayo katika makuti ni mekundu, hayanyweki kwa raha. Ya bati hukingwa yakajaza tangi, na mke wa mwalimu hachoti mtoni. Nasema wazi kwamba bati lina haki yake.

Kwa hiyo shauri haliwezi kuwa kati ya kale na kisasa. Shauri ni kujua kila sehemu ilifanya kazi gani, na katika nyumba mpya ni nani atakayeifanya.

Jaribio moja la namna hiyo limefanywa karibu nasi, katika kijiji cha Magoda, wilaya ya Muheza. Huko zilijengwa nyumba sita, na habari zake zikachapishwa mwaka 2017. Baadaye nyingine 110 zilijengwa katika vijiji vya Mtwara. Wachoraji walitazama nyumba za Asia ya Kusini-Mashariki zilizoinuliwa juu ya nguzo, wakafanya kuta nyepesi za wavu na mbao na mianzi zipitishazo upepo, na katika baadhi yake watu hulala ghorofani. Walipopima waliona nyumba hizo zina baridi kuliko za kawaida za kijiji kwa digrii 2 na zaidi kidogo, na katika zile za ghorofa mbu waliopatikana walipungua kwa zaidi ya 9 katika kila 10. Ni kazi nzuri, nami naiheshimu kwa sababu walipima kabla ya kusema. Lakini mtu aliyelelewa pwani ataiuliza swali moja: je, stara? Kiambaza cha mama kilikuwa kizito kwa sababu ya joto, na pia kwa sababu maneno ya mume na mke hayapaswi kufika kwa jirani. Ukuta wa wavu hupitisha upepo, nao hupitisha kikohozi, na ugomvi, na mwanga wa taa. Hilo nalo lapimika, ukiwauliza wakaao.

Narudi kwenye ramani. Nimeiandika upya kwa penseli, wala sikuigeuza yote, kwa maana fedha ni ile ile. Nyumba nimeizungusha, ubavu mrefu uelekee kaskazini na kusini, ncha fupi zipokee jua la asubuhi na la jioni. Jambo hili halikugharimu hata shilingi, ila barabara sasa itaona ubavu wa nyumba badala ya uso wake, nao wanakamati wawili wamenuna. Upenu nimeutoa nje kadiri ya mita moja, na upande wa mbele nimeuzidisha ufunike baraza lenye viti vya kujengwa. Mteremko wa paa nimeuongeza, na kila ncha nikaacha tundu lenye wavu pale juu ili joto lipate pa kutokea, kama visusi vya makuti vilivyoacha moshi utoke. Ukumbi nimeurudisha upite katikati. Chumba kimoja kimepotea, nami sikisikitikii. Madirisha nimeyafanya marefu, ya mbao za kulala na wavu, bila kioo, yatazamane toka ubavu hadi ubavu. Kichwa cha ukuta kimezibwa kabisa, mbu asipite. Jiko limekwenda uani chini ya paa lake lenyewe, lenye dohani.

Juu ya kuta nilisita zaidi. Matofali ya kuchoma sikuyataka, maana tanuu moja hula miti ya kilima kizima, na vilima vyetu mnavijua vilivyo. Saruji nayo huchomwa kwa moto mkali. Utengenezaji wake hutoa kama sehemu 7 au 8 katika 100 za hewa ya kaboni itolewayo na wanadamu ulimwenguni, na wale wahubirio juu ya masika yaliyopoteza majira yake yawapasa kulijua hilo. Nimependekeza matofali ya kufungamana, ya udongo wa papa hapa uliotiwa saruji kidogo na kushindiliwa kwa mashine ya mkono, yasiyochomwa, juu ya msingi wa mawe wenye kimo cha kutosha ili maji yasiyafikie, na sakafu ya saruji nyembamba isiyo na nyufa kwa ajili ya papasi. Fundi mmoja wa kamati alicheka akasema, "Mwalimu, unatujengea kiambaza tena." Nikamjibu kwamba ndivyo, ila hiki hakina fito za kuliwa na mchwa.

Dari ndiyo iliyotushinda. Bila dari, bati litawaka kama lilivyomwakia mama yangu, na upenu na tundu la juu vitapunguza tu. Nilishauri dari ya mikeka minene iliyofumwa hapa kijijini, iliyotiwa dawa ya wadudu na kushonewa mbao, kwa kuwa mbao tupu ni ghali. Mwenyekiti asema mikeka ni ya maskini, na kwamba mwalimu atadharauliwa. Mwingine asema panya watakaa juu yake. Huyo amesema kweli, nami sina dawa ya panya, wala wazee hawakuwa nayo, ndiyo maana wakauita ule mti mtambaapanya.

Ramani iko kwao sasa. Baraza limekubaliwa bila neno, na upenu, na ukumbi kwa kura moja. Fedha iliyobaki yatosha dari ya vyumba viwili katika kila nyumba, nao wanataka iwe sebuleni, mahali pa wageni. Mimi nimeandika iwe katika vyumba vya watoto.